Mabaharia wa 1711 waliopwelewa Mikindani

Swali limetoka kwa kijana wa Chikongola, Mtwara, anayeandika hadithi ndefu. Mabaharia saba wanatoka Kilwa Januari 1711 kwa jahazi, safari yao ni visiwa vya Kerimba, kaskazini ya Msumbiji. Usiku wanapigwa na dhoruba. Kunapambazuka wako Ghuba ya Mikindani, lakini ni Januari 2026. "Mwalimu, shikamoo," anaandika. "Wenzangu waliosoma sura tano za mwanzo wamecheka, ila wanasema hawaziamini. Watu wale wangeshtushwa na nini hasa? Tungesikilizana nao? Na nitawarudishaje kwao?"

Marahaba, mwanangu. Sura zako nimezisoma zote, nyingine mara mbili, na wenzako hawajakuonea. Nimehesabu mara kumi na moja baharia anapiga yowe. Akiona bodaboda, yowe. Taa ya barabarani ikiwaka, yowe. Simu ya mpita njia ikilia mfukoni, watu wazima saba wanalala kifudifudi. Umewafanya washamba, na hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote. Baharia anaweza kuwa mwongo, mgomvi, mdeni wa kila bandari, lakini ushamba haumkai, maana kazi yake ni kufika pasipo kwao. Huyo nahodha wako amekwisha kukaa na Waarabu wa Maskati, na Mabaniani, na Wareno wa Msumbiji. Amekula vyakula asivyovijua majina. Akifika mahali asipopaelewa hapigi kelele; ana utaratibu.

Utaratibu huo niliuona kwa macho yangu. Nikiwa kijana, kabla sijashika chaki, nilikuwa mwanamaji kwenye mashua ya kuchukua chumvi na samaki wakavu. Kaskazi moja tulitoka Msimbati jioni, foromali, mti wa kushikia tanga, ikavunjika, upepo ukatuchukua usiku kucha hadi ng'ambo ya Ruvuma. Asubuhi tukajikuta mbele ya kijiji nisichokijua. Kiu ilikuwa imenikaba, nikataka kuruka majini nikaombe maji. Nahodha wetu, mzee wa maneno machache, akanishika mkono. Akatia nanga mahali pa kuonekana na kila mtu, akaamuru tanga likunjwe, wote tukae chini, mtu asisimame wala kupunga mkono. Tukakaa. Watoto wakaja ufukoni, wakatutazama, wakaondoka. Jua likapanda. Ndipo akatokea mzee na fimbo yake, akaingia majini hadi magotini, akauliza kwa Kimwani, lugha ya pwani ile, tukamwelewa bila taabu: mwatoka wapi? Hapo ndipo nahodha aliposimama akamwamkia. Adhuhuri tulikuwa kwenye mkeka wake tunakula wali.

Sasa wafanye mabaharia wako hivyo hivyo. Watie nanga mbele ya mji wa Mikindani maji yakiwa yamejaa, wakunje tanga, wakae, wangoje kuulizwa. Halafu jiulize: mwaka 2026 nani atakuja na fimbo? Watu watajaa ufukoni, hilo sina shaka. Hawatakimbia wala kudhani ni vibwengo. Watadhani ni wasanii wanapiga picha za filamu. Watatoa simu, watarekodi, watarusha, wataendelea na shughuli zao. Saa nzima, saa tatu, mchana kutwa, na hakuna mtu wa kusema mwatoka wapi. Hapo baharia wako atashtuka, na wala hatapiga yowe. Atamgeukia mwenzake aseme kwa sauti ya chini: mji huu hauna mwenyeji.

Kwa watu wa zama zile mwenyeji ndiye kila kitu. Mfanyabiashara au nahodha aliyefika bandarini alikuwa na mtu wake: ndiye aliyemlaza, aliyemjua mwenye kutoza ushuru, aliyemdhamini, na mara nyingi ndiye aliyekuja kuwa mkwe wake. Kukaa ugenini miezi kadhaa ukingoja upepo ugeuke halikuwa balaa, ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo usitumie neno "kupotea" kila ukurasa. Tumia neno lao: wamepwelewa. Chombo kilichopwelewa hakijazama wala hakijavunjika. Maji yamekikimbia tu, kinangoja.

Hapa nikusaidie kwa kalenda. Katikati ya Mfunguo Pili 1122 ya Hijria inaangukia kama tarehe 4 au 5 Januari 1711 kwa hesabu yetu ya sasa. Januari 2026 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 3. Yaani pande zote mbili mwezi ni duara, na kwa hiyo pande zote mbili ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Bamvua la Mtwara hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Waingie na maji ya juu kabisa, yapwe, chombo kikae kwenye tope mbele ya mji, na maji ya kimo kile yasirudi hadi bamvua lijalo, majuma mawili baadaye. Umewakwamisha bila dhoruba na bila uchawi wa ziada.

Chombo chenyewe tukibadilishe. Jahazi yenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, pana iliyokatwa bapa, kama zile unazoziona leo, ni umbo lililokuja baadaye. Mwaka 1711 wape mtepe. Mbao zake hazina msumari, zimeshonwa kwa kamba za kumbi la nazi. Tanga ni mkeka, la mraba. Omo, sehemu ya mbele, imeinuka kama shingo ya ngamia, na ubavuni pamechorwa macho. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika karne ya 20. Mwaka 2003 Zanzibar waliunda mmoja wa mfano wakauweka kwenye makumbusho ya Beit al-Ajaib, na jengo hilo likabomoka kwa sehemu Desemba 2020.

Nakung'ang'aniza mtepe kwa sababu mbili za hadithi, si kwa ushabiki wangu wa mbao. Ya kwanza, mtepe unavuja. Unaposafiri au kuelea daima kuna mtu ngamani, chini kabisa ya chombo, na upo (chombo cha kuchotea maji) mkononi, anafua maji, kwa zamu, usiku na mchana. Kwa hiyo hawawezi kamwe kwenda mjini wote saba. Maji yakirudi, lazima mtu awepo. Hilo peke yake litakupa ugomvi mzuri kati yao. Ya pili, kwa tanga lile la mraba mtepe haujui kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo. Unakwenda upepo unakokwenda. Nitairudia hii chini, maana ndimo lilimo jibu la swali lako la mwisho.

Mlango wa kuingilia zama zetu nao ulikuwa wa radi na moshi wa zambarau. Uutupe. Una kitu cha kweli kilicho bora zaidi hapo hapo mlangoni kwenu: mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki, baada ya kupita ncha ya kaskazini ya Bukini (Madagaska), hulipiga bara karibu na Ras Delgado na kupasuka pande mbili, maji mengine yakashika kaskazini kuelekea kwetu, mengine yakashuka kusini. Mahali maji yanapogawanyika, sema na miaka hugawanyika. Usieleze zaidi ya hapo. Msomaji wa pwani hatakudai hesabu.

Na kabla hawajaiona nchi, baharini penyewe pana dalili mbili. Sharti ziwe za kuonwa na jicho la baharia, si la mtalii. Moja ni alfajiri, kabla jua halijachomoza. Rubani wao anatazama juu kama alivyozoea. Nyota ziko mahali pake; kwa miaka 315 kundi la nyota la Kilimia halijasogea zaidi ya siku nne tano katika kuzuka kwake, naye hawezi kuliona hilo. Lakini kuna nyota inatembea. Haianguki kama kimondo. Inatembea taratibu, haimetimeti, kisha inafifia katikati ya anga safi. Anaiona na ya pili. Mtu wa mjini aweza kukaa miaka asione setilaiti. Mtu aliyezijua nyota kwa majina ataziona siku ya kwanza, na hatamwambia mtu, kwa sababu nahodha atamuuliza kama amelala.

Dalili ya pili ni chupa ya plastiki. Baharia husoma takataka za baharini kama sisi tunavyosoma magazeti: kipande cha gome, kumbi la nazi, majani ya mkoko, vyote vinamwambia nchi iko wapi. Sasa anaokota kitu kisicho gome wala kibuyu wala kioo. Chepesi kama unyoya, unaona upande wa pili, kina kifuniko kinachozunguka na hakivujishi hata tone. Chomboni kwao maji ya kunywa yamo kwenye mitungi ya udongo, na mtungi ukivunjika katikati ya safari watu hufa. Unafikiri ataogopa? Atawaamuru watoto wa watu wazunguke wakaokote zote. Wataingia Mikindani na chupa tupu arobaini zimefungwa kwa kamba kama mali ya thamani, mbele ya watu waliozitupa.

Mwaka watautambuaje? Wewe umempa nahodha gazeti. Gazeti lina herufi asizozisoma, na "2026" kwake si mwaka wa kitu chochote. Mpeleke msikitini. Ndiko atakakokwenda mwenyewe, kwa kufuata adhana, ingawa atashangaa mwadhini ana kifua gani cha kusikika hadi majini. Ndani atakuwa kwao: safu ni ile ile, sura ni zile zile, na kibla hakuna haja ya kukiuliza, kwani Mtwara na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja, ukisali hapa unaelekea kaskazini takribani kabisa, kama Kilwa. Kwa muda wa rakaa nne hakuna kilichobadilika duniani. Kisha anatoa salamu, anageuza uso, na ukutani kuna kalenda ya nyakati za sala kwa tarakimu za Kiarabu. Mwezi: Rajabu. Mwaka: 1447. Ameondoka nyumbani juzi, Mfunguo Pili 1122. Karibu miaka 325 ya mwezi. Mwache akae pale alipokaa. Usimpe neno la kusema.

Mwaka uliouchagua umenifurahisha, sijui kama uliuchagua ukijua. Maandishi ya Kiswahili ya zamani kuliko yote yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka huo huo, 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Zimehifadhiwa Goa, Uhindi. Safari ya mabaharia wako ni kusini, kuelekea huko huko. Basi mpe nahodha barua moja isiyofika. Aivae kifuani ndani ya ngozi. Hana kitambulisho kingine, na katika mji mzima wa kusoma mwandiko ule na kuusikia ni mwalimu wa madrasa peke yake, mzee ambaye vijana humkwepa kwa sababu ana maneno mengi. Huyo ndiye mwenye fimbo wako. Atakuja amechelewa, siku ya pili au ya tatu, lakini atauliza swali lenyewe.

Sasa lugha, na hapa nikuombe uchukue muda, kwa sababu umeipita kwa sentensi moja: "walizungumza Kiswahili cha kale kisichoeleweka." Si kweli. Lahaja ya pwani ile ya Kilwa hadi mpakani iliitwa Kimgao, na wazee wa vijijini wangewasikia. Watasema kenda wewe utasema tisa. Watasema merikebu wewe utasema meli, neno lililokuja na meli za barua za Waingereza. Meza, bendera, leso na gereza wanayo tayari, waliyachukua kwa Mreno. Kuelewana maneno si tatizo. Tatizo ni kwamba maneno yao yote ya baharini yamepanda nchi kavu wao wakiwa hawapo.

Rubani ni mtu wa kuongoza chombo kati ya miamba. Wanaye mmoja, yuko hapo ameketi. Leo anasikia kuna "rubani wa ndege". Ndege anamjua, ni kunguru na membe. Rubani wake anafanya nini? Nauli, abiria, shehena, usukani: yote anayasikia stendi, hakuna hata tone la maji karibu. Mtu anasema amekuja Mtwara kutafuta kazi na sasa "ametia nanga". Redioni anatajwa mtu anayezungumzia Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, na sarahangi, mkuu wa mabaharia chini ya nahodha, anauliza kwa nia njema kabisa: taifa zima lina dira moja? Ameishika nani?

Kuna tukio nalitaka uliandike, nitakupa vipande tu. Jioni, kibanda cha kahawa karibu na ufuko, redio imefunguliwa sauti juu, mechi inaendelea. Mabaharia watatu wamekaa kwenye benchi, wanasikiliza kwa adabu. Mtangazaji anapaza sauti: nahodha anaambaa na wingi ya kulia, nahodha anatazama, anaachia mkwaju! Kibanda kizima kinasimama. Unagonga mlingoti! Watu wanashika vichwa. Kipa yuko imara kati ya milingoti mitatu! Kwa baharia wa 1711 hii ni habari moja iliyo wazi. Kuna nahodha, kuna mlingoti umegongwa, na chombo cha milingoti mitatu aghalabu si cha Mswahili wala cha Mwarabu, ni cha Mzungu. Wareno walifukuzwa ngome ya Mombasa mwaka 1698, miaka kumi na miwili tu kabla ya safari yao. Mmoja wa hao watatu huenda alikuwapo. Anainuka, anamshika muuza kahawa begani, anauliza: iko umbali gani? Naye muuza kahawa, macho yako redioni, anajibu: dakika nne tu zimebaki.

Umeona? Wamecheka wote, na hakuna aliyefanywa mjinga.

Neno "fedha" nalo litakuchekesha. Mama ntilie anauliza, baba, una fedha? Anayo. Anatoa reale ya Kihispania, fedha hasa, madini yenyewe. Mama anaigeuza, anairudisha. Anataka karatasi, au atumiwe kwenye simu. Na simu ina laini, laini inataka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, NIDA inataka kujua umezaliwa wapi na lini. Yule mwalimu wa madrasa atajaribu kuwasaidia kwa sonara, na hapo ataingia kwenye sheria: kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na mikono ya binadamu kabla ya 1863 ni malikale. Hesabu wewe mwenyewe. Reale ni malikale. Mtepe wote ni malikale, na upo, na sufuria ya mpishi, na shuka aliyojifunga kiunoni. Ofisa mwema atajikuta anawaambia watu wasiuze wala wasitoe nje ya nchi nguo walizovaa. Usimfanye ofisa mbaya. Anafuata sheria nzuri ambayo haikumfikiria mtu wa namna hii.

Mahojiano yao na serikali yasizidi ukurasa mmoja. Mwatoka wapi? Kilwa. Kilwa ipi, Masoko, Kivinje au Kisiwani? Wao wanaijua Kilwa moja, ile ya kisiwani. Wanadhani wanafanyiwa mzaha. Mnakwenda wapi? Kerimba. Hapo ofisa anaweka kalamu chini. Mpaka wa Ruvuma ambao Wajerumani na Wareno walikubaliana mwaka 1886 umepita katikati ya safari yao ya kawaida, na tangu Oktoba 2017, mapigano yalipoanza Mocímboa da Praia, ng'ambo ya mpaka, wanaume saba wasio na karatasi, kwenye chombo kisichosajiliwa, wanaoshika kusini kwa siri ya usiku, si watu wa kuchekewa. Bahari ile ile waliyoivuka kama uani kwao ina mstari wasiouona. Hili litawatisha kuliko bodaboda zote.

La maradhi nalisema haraka. Mabaharia wa zama zile wangeweza kuwa na ndui. Ugonjwa huo ulitangazwa umetokomezwa duniani mwaka 1980, na mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa Merka, Somalia, mwaka 1977. Vijana wa leo hatukuwachanja. Mmoja wao akishuka na vipele, hadithi yako imekuwa hadithi nyingine kabisa. Wape wote makovu ya zamani usoni, uendelee.

Lakini kuna jambo hukulitaja hata kidogo, nalo ni zito. Umeandika "mabaharia saba" kana kwamba wote walipanda kwa hiari. Kilwa ya 1711, chombo cha watu saba, mmoja wao kuwa mtumwa si jambo la ajabu. Aghalabu ndiye mwenye kukaa ngamani. Mpe jina, mpe umri wa miaka ishirini, mpe kabila la bara ambalo wenzake hawajali kulitamka sawasawa. Wenzake sita wamepotelewa na nyumba, wake, madeni, heshima. Yeye amepotelewa na nini? Siku ya kwanza atamwangalia bwana wake kabla ya kushuka. Siku ya tatu mwalimu wa madrasa, katika mazungumzo tu, atasema utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, hapa hakuna mtumwa wa mtu, hata babu yangu alizaliwa baada ya hapo. Atalisema huku anamimina chai. Usimfanye kijana asimame atoe hotuba. Mfanye usiku ule, zamu yake ya kufua maji ikifika, asiamke. Nahodha anamwita mara mbili. Kisha nahodha mwenyewe anachukua upo.

Nikirudi kwenye swali lako la kuwarudisha: hapa ndipo tanga la mraba linapolipa. Mlango uko kusini ya Mikindani, kwenye Ras Delgado. Walikuja na kaskazi. Wiki mbili za kupwelewa, kuhojiwa, kuzoeana na mji, kutafuta kamba za kumbi za kushonea palipofumuka; mara Machi imekwisha, kaskazi imekata, ni tanga mbili, pepo hazina msimamo. Aprili inaingia kusi, na kusi haimpeleki mtu Ras Delgado kwa mtepe. Inampeleka kaskazini tu. Mlango uko nyuma ya upepo hadi kaskazi irudi, Novemba au Desemba. Nyie mngeomba boti ya mashine iwavute. Mwache kijana mmoja wa Mikindani awape shauri hilo, na nahodha akatae, kwa sababu kamba za mtepe zikivutwa kwa nguvu ile zitafumuka zote.

Kwa hiyo hadithi ina mwaka mzima, na katikati yake wana miezi ya kusi ambayo njia iliyo wazi ni moja: kwenda kwao. Wapeleke Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, kasri la kale, haitawashangaza, ilikuwa gofu tangu wakati wao. Msikiti mkuu wataujua, watazikuta nguzo wanazozijua bila watu wa kusali. Kigumu ni Makutani. Sehemu kubwa ya kasri lile ni kazi ya karne ya 18, baada ya wao kung'oa nanga. Nahodha anasimama mbele ya kuta zilizoliwa na mvua, mizizi imepasua mawe, paka wa porini wamelala madirishani, na mwongoza wageni anamweleza kwa ufasaha kwamba hili ni gofu la kale sana. Yeye alipoondoka, nyingi ya kuta hizo zilikuwa hazijachimbiwa hata msingi. Ukurasa huo uuandike pole pole, na umpe kitu kimoja tu cha kufanya kwa mikono yake: apime upana wa ukuta kwa shibiri, kama mtu anayefikiria kujenga.

Desemba wanarudi na kaskazi. Nimesema wanarudi, ila tangu Aprili wako sita. Yule wa saba hawakumwona asubuhi ya kuondoka, na hakuna aliyekwenda kumtafuta, hata nahodha. Njiani kuelekea mlangoni wanapita Mtwara, karibu na kivuko cha Msangamkuu. Tungi moja ya maji imepasuka, chupa zao zimekwisha. Wanatia nanga mahali pa kuonekana, wanakunja tanga, wanakaa chini. Watu wanatoa simu, wanarekodi, wanaondoka. Jua linapanda. Kisha mmoja wa vijana wanaokusanya nauli pale gatini anampa mwenzake kifurushi cha noti amshikie, anakunja suruali, anaingia majini hadi magotini, anawauliza mwatoka wapi.